Balozi Wetu na Kimbunga cha Ng'ambo

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na tabia ya kupiga hodi akiwa ameshakaa. Unasikia mlango wa nyuma unalia, unasikia kiti kinavutwa, ndipo unasikia, "Hodi humu ndani." Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, hajalelewa kuingiliwa jikoni kwake, akaniambia niweke komeo mlango wa nyuma. Nikaweka. Kesho yake Balozi alizunguka mbele, akaingia, akakaa, akauliza, "Komeo la nyuma mmeweka la nini? Nyumba ikishika moto mnatokea wapi?" Juma halijaisha tukalitoa.

Nimeishi Ilomba miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Nyololo, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyenichosha kama mama yule. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulisikia likitamkwa. Watoto walimwita Bibi Balozi, sisi tulimwita Mama Balozi, na hata mchungaji, akiwataja wazee wa kanisa mmoja mmoja kwa ubini wao, akifika kwake alisema tu, "na Balozi," akaendelea.

Alivaa sweta la kijani la marehemu mume wake, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mvua au jua alibeba mwavuli, na mwavuli ule sikuona ukifunguliwa. Ulikuwa wa kunyooshea. Akisimama barabarani akaunyoosha kwenye mtaro wako, ujue mtaro umeziba. Akiunyoosha kwa mwanao, ujue kuna jambo shuleni ambalo wewe mzazi hujalisikia.

Kwapani alikuwa na kaunta buku. Humo ndimo tulimokaa sote. Mabalozi wengine wana majina ya wakuu wa kaya, yanatosha. Yeye alikuwa na kila mtu, na si jina peke yake. Nani ana pumu. Nani ni mlinzi, kwa hiyo mchana amelala, msigonge gonge. Mtoto gani huachiwa ufunguo. Nani hasikii vizuri sikio la kushoto. Siku moja nilimwuliza mambo yote haya ya nini, maana alikuwa ameniuliza mimi na mke wangu nani analala upande wa ukutani, na mke wangu alikuwa ametoka nje kwa hasira.

"Mtu anahesabiwa akiwepo," alisema. "Akishapotea hiyo si hesabu tena, ni kutafuta."

"Mama, sisi tunapotelea wapi hapa Ilomba?"

"Sijui. Ndiyo maana naandika."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Unauliza swali ukitaka kumfunga mdomo, anakujibu vizuri, halafu unabaki wewe ndiye uliyefungwa.

Mambo yake hayakukaa sawasawa pia, na hilo lilinichosha zaidi. Alikemea umbea kanisani mbele ya watu, lakini hakuna chungu kilichofunikwa mtaani asichojua kilichomo. Asubuhi aligombana na jirani yangu mwenye mbuzi, akamwita mtu asiye na adabu, mbuzi wako wamekula mchicha wa watu. Jioni akapeleka uji kwa mke wa mtu huyohuyo aliyekuwa amejifungua, na mwenye mbuzi akampokea mlangoni wakiwa bado hawasemeshani. Na yeye aliyetaka kujua kikohozi cha kila mtu, akiumwa alijifungia. Mwaka mmoja alishikwa na malaria siku tatu hatuna habari. Mke wangu ndiye aliyeona mwavuli haujapita. Alikwenda, akagonga, kimya, akampitisha Tumaini binti yetu dirishani akamfungulia mlango. Balozi alikuwa kitandani anatetemeka, akamtazama mke wangu, akauliza, "Nani amekuambia uje?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nimekuja."

"Basi funga dirisha, baridi inaingia."

Hakusema ahsante. Mke wangu alirudi nyumbani akiapa kwa Kinyakyusa maneno ambayo sitayaandika, na kesho yake akaenda tena na supu.

Sasa niseme habari ya filamu. Bila filamu ile pengine tungeendelea kuvumiliana tu, kama majirani wengine.

Tumaini alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni Iringa, akaja na flashi yenye filamu ya kimbunga. Si ya kuigiza. Ilikuwa ya mambo yaliyotokea kweli, wenyewe wanaita dokyumentari, ya mji mmoja wa pwani ng'ambo huko, upande wa Amerika, uliopigwa na upepo mpaka ukabaki misingi. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Tumeshaanza kuangalia, kiti kikavutwa nyuma yetu.

"Hodi humu ndani. Hao wamefanyaje?"

Mimi ni fundi wa kupaua nyumba. Kwa hiyo katika filamu ile mimi niliona mabati. Kuna mahali mtu alikuwa amesimama na kamera kwenye ghorofa anapiga picha nyumba za jirani, na nikaona paa linavyoondoka. Watu hudhani upepo unasukuma paa. Hapana, unalinyanyua. Bati la kona lilianza kupepesa kama ukope. Likachanika mstari mzima. Halafu kenchi zenyewe, fremu za pembetatu zinazobeba paa, mbao zote zikiwa zimeshikana vizuri kama fundi alivyoziacha, zikanyanyuka juu ya ukuta na kwenda zake. Fundi yule hakukosea kugongomea mbao na mbao. Alikosea hapo paa linapokutana na ukuta. Nilikaa nimeshika kikombe, chai ikapoa.

Lakini sehemu ya upepo ilikuwa fupi. Sehemu kubwa ya filamu ilikuwa ya siku zilizofuata. Watu wamejaa uwanja wa mpira wanangoja maji. Mzee anazunguka na picha ya kaka yake, anamwonyesha kila anayepita. Mwanamke anafagia sakafu ya nyumba isiyo na kuta, anafagia polepole, pembe kwa pembe, vumbi linarudi. Hapo mke wangu alilia. Halafu akaja kiongozi mmoja wa kule, amevaa koti la mvua lenye maandishi mgongoni, akawa anaulizwa kwa nini kuna mtaa uliokaa siku kadhaa haujafikiwa na mtu. Akajibu kwa Kiingereza.

"Amesemaje?" Balozi aliuliza.

"Amesema hawakujua kama kule kuna watu waliobaki," Tumaini alimtafsiria.

"Rudisha nyuma."

Tumaini akarudisha. Yule bwana akasema tena.

"Hawakujua?"

"Ndivyo anavyosema, Bibi."

"Rudisha."

Alirudishiwa mara tatu, na Kiingereza hajui. Nadhani alitaka kumwangalia uso. Kisha akauliza, "Mtaa ule haukuwa na balozi?"

"Bibi, kule hawana mabalozi."

"Nchi kubwa hivyo?"

"Hawana."

"Basi ndiyo hayo," alisema, akachukua mwavuli wake akaondoka, filamu haijaisha. Mpaka leo mimi nasema filamu ile ilikuwa ya upepo, na yeye alisema haikuwa ya upepo hata kidogo. Tulibishana hilo miaka.

Miezi iliyofuata hatukupata raha. Alianza kupita nyumba kwa nyumba upya, kaunta buku mpya, maswali mapya. Nani hawezi kutembea mwenyewe. Nani akiitwa hasikii. Saa ngapi upo, saa ngapi haupo. Siku gani unakwenda shamba. Watu walicheka. Wakamwambia Mbeya haina bahari, kimbunga hakipandi mlima. Akawajibu kwamba mwaka juzi upepo uliezua banda la maziwa na hakuna aliyeuona ukiuliza njia ya baharini. Akaitisha mkutano uwanja wa kanisa tuonyeshane mahali pa kukusanyikia. Tulikuja wachache, na wengi wetu ni kwa kuwaogopa wake zetu. Alituita majina yetu sote tukiwa tumesimama mbele yake, tunaonekana, tukaitika kama watoto wa darasa la kwanza.

Halafu akaanza kunifuata kazini.

Nilikuwa napaua nyumba ya vyumba vya kupangisha, mtaa wetu huohuo. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, mvua za kwanza zinanukia, na nilikuwa nimeahidi kazi nyingine upande wa pili wa mji. Balozi akaja akasimama chini ya ngazi, akaunyoosha mwavuli.

"Fundi, bati hilo linashikwa na nini?"

"Misumari, mama."

"Misumari inashikwa na nini?"

"Papi. Mbao hizi hapa."

"Na mbao?"

"Kenchi."

"Na kenchi?"

"Mama Balozi, zimekaa juu ya ukuta. Ni nzito."

"Za kwenye filamu zilikuwa nyepesi?"

Vijana wangu juu walicheka. Nilishuka ngazi hatua mbili, nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuitumia kwa mtu wa umri wake, kwamba mimi sijaenda kumfundisha kuandika majina. Alinitazama, akaandika kitu, akaondoka.

Waya ulikuwepo. Hilo nataka liwe wazi, maana kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba mwenye nyumba hakuleta waya. Alileta. Ulikuwa wa kufungia nondo, unatosha kabisa kuzifunga kenchi na linta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Kazi yake ingenichukua siku nzima nyingine. Nikaupeleka nyumbani nikafungia uzio wa kuku.

Upepo ulikuja Jumanne mchana, pamoja na mvua ya mawe. Sisi wa Nyanda za Juu tumezoea mvua ya mawe, haikututisha. Kilichotutisha ni kwamba mawe yalikuwa yanakuja ubavuni, yanagonga kuta badala ya kuanguka. Haukudumu. Mtu angeweza kumaliza kula ugali wake ukawa umepita. Ulipopita nilitoka nje, mtaa wote mweupe chini, na paa la jirani mwenye mbuzi limelala barabarani likiwa zima, juu chini.

Mvua haijakatika Balozi alikuwa ameshatoka. Amevaa mabuti, kaunta buku ndani ya mfuko wa nailoni, anaita majina. Hakuuliza mmepona. Aliita jina, akangoja uitikie kwa mdomo wako, akaweka alama, akaenda la pili. Ukimwitikia mwenzako alikataa. Nilimwona akimgombeza mama mmoja aliyesema mume wangu yupo ndani: "Nimeita yeye. Mwambie aitike." Nilikuwa nyuma yake, na hata wakati ule, na mabati yametapakaa, nilikuwa nimemchoka.

Tukafika kwenye vyumba vya kupangisha. Paa lilikuwa limenyanyuka upande mmoja, likaondoka kidogo, kisha likarudi na kuanguka ndani. Wapangaji walikuwa wamesimama nje, wamelowa, wanahesabiana. Balozi akaita mpaka akafika kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe, yeye akaja mjini kuuza mchele, pacha wake wawili amewaacha kwa bibi yao Usangu. Mtu mkimya, anatoka alfajiri anarudi jioni. Wapangaji wenzake walimjua kwa khanga zake za kwenye kamba tu.

"Yuko sokoni," mmoja alisema.

"Leo Jumanne," Balozi alisema.

"Sokoni, mama. Tangu asubuhi hatujamwona."

"Jumanne anafika na mchele alfajiri, halafu analala mpaka alasiri. Mmemwona sokoni?"

"Kila siku anatoka alfajiri," mwingine alisema.

"Nimeuliza mmemwona kwa macho?"

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tukauvunja. Chumba kilikuwa kimejaa mbao na bati na mvua inanyesha humo. Tulianza kutoa, mimi na wapangaji na jirani mwenye mbuzi, na nataka kusema ukweli: niliijua mbao yangu kabla sijauona mguu wa yule mama. Ilikuwa na alama ya penseli, mwandiko wangu, namba nne na mshale. Ilikuwa juu ya paja lake. Alikuwa na fahamu. Alikuwa ameita, alituambia baadaye, mpaka sauti ikaisha, na kila alipoita mawe yalikuwa yanagonga bati. Halafu aliwasikia wenzake nje wakisema yuko sokoni.

Tulimbeba kwenye mlango wenyewe hadi kwenye gari la mwenye duka. Mguu ulivunjika mahali pawili. Hospitali walisema kama angekaa pale mpaka jioni, tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa mtaa alikuja na watu wa kata, tukakusanyika uwanja wa kanisa, wakaomba orodha ya walioathirika. Mitaa mingine walikuwa bado wanauliziana. Sisi Balozi wetu alisimama, akafungua kaunta buku, akasoma. Jina la mwenye nyumba. Watu wangapi, wako wapi sasa. Kilichoharibika. Na mwishoni mwa kila nyumba, kwa sauti ileile ya kusoma matangazo ya ibada, alisoma jina la fundi aliyepaua.

Mara tatu lilikuwa langu. Ya tatu ilikuwa ya Mama Kulwa.

Nilisimama. "Mama, ulikuwa na haja gani ya kusoma hilo?"

"Wameuliza kilichotokea."

"Kilichotokea ni upepo."

"Upepo umepita kwenye nyumba zote, Baba Tumaini. Nimesoma zile zilizoondoka."

Watu hawakucheka. Ingekuwa afadhali wacheke. Nilitoka pale nikaenda nyumbani, nikakaa uani, kuku wananizunguka ndani ya uzio wao.

Kazi zilikauka. Mafundi wengine walikuwa na mapaa yaliyoruka pia, lakini yao hayakumwangukia mtu. Mimi niliapa sitamsalimia tena Balozi, na nilikitunza kiapo changu. Yeye hakukijali. Mlango wa nyuma ulilia, kiti kikavutwa, hodi humu ndani. Anakunywa chai kwangu, anaongea na mke wangu, mimi nimekaa palepale nimegeukia ukutani. Siku moja nikashindwa, nikamwambia, "Mama, sisi tumegombana."

"Ugomvi ni wako," alisema. "Chai ni ya Mama Tumaini."

Mke wangu, ambaye miaka yote alikuwa upande wangu dhidi yake, alimwongeza chai.

Hakuna aliyenituma kurudi kwenye nyumba ile ya vyumba vya kupangisha. Nataka nijisifu hivyo, ingawa nadhani kama ningechelewa juma moja zaidi Balozi angekuja kuniamuru, na ndiyo maana niliwahi, nisimpe nafasi. Nilikwenda kwa mwenye nyumba nikamwambia napaua upya, nguvu yangu mwenyewe. Nilianza kwa kuvunja uzio wa kuku. Nikanyoosha waya kwa nyundo, kipande kwa kipande, nikaenda nao. Siku ya pili niko juu, nikaona Balozi anakuja amebeba kiti. Akakiweka uani, akakaa, akaanza kuhesabu vifungo vya waya. Alikaa hivyo siku tatu. Mama Kulwa alikuwa ametoka hospitali wakati huo, amekaa naye pale na mguu wake kwenye plasta juu ya ndoo, na wote wawili wananitazama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kifungo cha mwisho nilipokaza nilifuta jasho nikatazama chini, na nakiri nilikuwa nangoja neno.

"Kile cha kona," Balozi alisema, "kirudie."

Nilikirudia. Kilikuwa kimelegea.

Mama Kulwa ndiye aliyezungumza, sauti yake ndogo. Alisema, "Fundi, shuka ule." Alikuwa amepika wali. Nilikula nikiwa nimeinama, nilishindwa kumtazama, na Balozi akawa anamweleza kwamba mimi huwa sili chumvi nyingi, presha iko kwenye ukoo wetu. Yote yaliandikwa.

Baada ya hapo Balozi aliomba filamu ile tena. Nilikuwa nimeanza kumsalimia, sikumbuki lini. Tumaini aliiweka kwenye kompyuta yake. Safari hii Balozi hakusema rudisha. Wala hakumngoja yule kiongozi mwenye koti. Mzee mwenye picha ya kaka yake akapita. Alipofika kwa mwanamke anayefagia sakafu, Balozi aliinua mkono, Tumaini akaisimamisha.

"Huyu yuko na nani?"

"Peke yake, Bibi."

"Anayepiga picha yuko wapi?"

"Yuko hapo mbele yake, lakini haonekani."

"Ana mikono?"

Tumaini alicheka kidogo. "Ana mikono, Bibi."

"Haya. Na ameshika kamera kwa yote miwili." Akaunyoosha mwavuli kwa yule mwanamke. "Mtu amefagia hivyo, na hakuna aliyemwambia pole. Mnaliona hilo? Wamemzunguka, hakuna aliyemwambia pole."

Tumaini alijaribu kumweleza kwamba kazi ya mpiga picha ndiyo hiyo, kwamba bila yeye sisi huku Mbeya tusingejua. Alieleza vizuri, anasoma mambo hayo. Balozi alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kweli, kisha akasema, "Lakini ufagio ulikuwa mmoja tu?" Binti yangu akaifunga kompyuta. Siku hizi nikiona filamu za namna hiyo siwezi kuziangalia kwa amani. Namtafuta anayepiga picha. Hilo nalo nalihesabu kati ya raha alizoninyima mama yule.

Alituacha miaka miwili baadaye. Magoti yalikataa, mdogo wake akaja kumchukua, akampeleka kwao Kilolo. Tulimfanyia chakula cha kumuaga. Alitumia nafasi yake ya kushukuru kutusomea mitaro iliyoziba. Balozi tuliye naye sasa ni kijana mzuri, ametuunganisha wote kwenye kundi la simu, anatuma ujumbe mara moja kwa juma na haingii nyumbani kwa mtu. Mke wangu anamsifu. Halafu anakaa jikoni anasikiliza mlango wa nyuma.

Mwaka huu nilifiwa na baba mdogo Nyololo. Tulipomaliza matanga nikasema, nimeshafika huku, ngoja nipande Iringa nikamsalimie Balozi. Nilifika Kilolo asubuhi, ukungu haujainuka, baridi ya kule ni kali kuliko yetu. Nilimkuta ameketi kibarazani anamenya njegere. Amekonda. Mikono imekuwa midogo, lakini inamenya haraka.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa, au ni hilo koti?"

"Ni koti."

"Si koti. Kaa umenye."

Nikakaa nikamenya. Aliniuliza habari za Ilomba nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio wa barabara, kuanzia juu, na hakuruka hata moja. Nilipojibu "wazima" kwa jumla alinikatalia, akataka mmoja mmoja. Nilimwambia jirani mwenye mbuzi amefariki. Aliacha kumenya.

"Nani alikuwa naye?"

"Mke wake. Na mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Nilimshika mkono."

Akaendelea na njegere. Mama Kulwa je? Nikamwambia amefungua duka la mchele, anachechemea lakini anakwenda, pacha wamekuja mjini wanasoma. Akauliza duka liko upande gani wa barabara. Nikamwambia. Akasema upande ule unapata jua la mchana, mchele utapata fukusi, nimwambie ahame. Nikamwambia nitamwambia. Akasema huwezi kumwambia wewe, utasahau. Tulikula, nikalaumiwa kwa kula haraka. Nikalaumiwa kwa mke wangu ambaye hakuja, na kwa Tumaini ambaye hajaolewa, na kwa baba mdogo, akitaka kujua alianza kuumwa lini na kwa nini hospitali alipelekwa wiki ya pili. Nilikuwa nimefika asubuhi kwa mapenzi yangu, na kufikia saa saba nilikuwa natazama saa.

Gari la mwisho la kurudi Iringa hupita saa nane. Mdogo wake alikuwa ameniambia mapema, akalirudia mbele yake. Nikaaga. Balozi akasema atanisindikiza.

"Mama, magoti."

"Magoti ni yangu."

Kutoka pale mpaka barabarani ni mwendo wa dakika tano. Alishika fimbo mkono mmoja, mkono mwingine akaushika mkono wangu, na tukaanza kushuka. Kwenye nyumba ya kwanza alisimama, akamwita mwenye nyumba, akanitambulisha, akauliza mtoto wake anaendeleaje na sikio. Nyumba ya pili akasimama. Kuna mama alikuwa anapalilia viazi mbali kule bondeni. Akamwita, tukamngoja apande. Mimi natazama saa, namwambia mama gari, ananiambia gari lina breki. Nyumba ya nne hakukuwa na mtu, akasimama vilevile, akaniambia wote wanaokaa humo na walikokwenda.

Tulikuwa tumebakiza hatua kama hamsini kufika barabarani niliposikia honi. Ningeweza kukimbia. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu, mwepesi, sikuweza hata kusema kwamba alikuwa ananishikilia. Gari likapita na vumbi lake, kondakta akachungulia, likakata kona ya miti likapotea.

Tukasimama tukilitazama.

"Lipo jingine," alisema.

Hakukuwa na jingine, na alijua kuliko mimi. Nikamwambia, "Sawa, mama." Tukageuka, tukaanza kupanda polepole, na kwenye nyumba ya nne wenyewe walikuwa wamesharudi.